Texas: Wageni Wanaonyeshwa Ng'ombe, Nani Atawaonyesha Makaburi?

Ndugu akija kututembelea kutoka Dar es Salaam au Mombasa, sisi tuishio Dallas, Fort Worth na Houston tunajua pa kumpeleka. Dallas ataonyeshwa ghorofa ya sita, zilikotoka risasi zilizomuua Rais John F. Kennedy Novemba 22, 1963. Tangu 1989 ghorofa hiyo ni makumbusho, na watu hulipa kiingilio. Fort Worth atapelekwa Stockyards kutazama ng'ombe wenye pembe ndefu wakipitishwa barabarani.

Wachache huambiwa kwamba katika eneo hilo hilo la Stockyards alifanya kazi Fred Rouse, Mmarekani mweusi aliyeajiriwa kiwanda cha nyama wakati wa mgomo. Desemba 6, 1921 alipigwa nusura afe. Siku tano baadaye kundi la wazungu lilimtoa hospitalini, likamtundika mtini.

Mwaka 1924 Ku Klux Klan walijenga ukumbi wao katika barabara ya North Main, upande huo huo wa mji. Mwaka 2021 ukumbi huo ulinunuliwa na muungano wa vikundi vya jamii, wakiwemo wazao wa Rouse, kwa azma ya kuugeuza kituo cha sanaa chenye jina lake.

Huko Sugar Land, karibu na Houston, mwaka 2018 yalifukuliwa mabaki ya watu weusi 95 penye ujenzi wa shule. Walikuwa wafungwa waliokodishwa kufanya kazi mashambani baada ya utumwa kufutwa. Mji una jina la sukari. Waliokata miwa hawakuachiwa hata jina kaburini. Walizikwa upya mwaka 2019.

Wapo wanaosema utalii wa namna hii ni kuchuma juu ya maiti. Sisi hatuukatai. Hata Mkunazini, Unguja, ambako soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, wageni hulipa kuingia, na wengi hutoka kimya. Tunachouliza ni hiki: nani anasimulia, na fedha zinakwenda kwa nani? Wahenga walisema kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Fort Worth wameanza na wafiwa, na hiyo ndiyo njia.

Basi mgeni wako ajaye, akishashiba kutazama ng'ombe, mpeleke pia kona ya NE 12th Street na Samuels Avenue. Hapo ndipo Rouse alipouawa, na tangu 2021 pana kibao chenye jina lake. Hakuna kiingilio.