Kamba Mbili na Vigingi Vinne: Tuitazame Upya Hisabati ya Sekondari

Miaka michache iliyopita nilikwenda kukagua mazoezi ya ufundishaji ya wanachuo wetu katika shule moja ya sekondari. Darasani ilikuwa zamu ya Kanuni ya Pythagoras, na kijana mmoja aliikariri bila kukosea hata neno. Nje ya dirisha waashi walikuwa wakipima msingi wa darasa jipya: futi 3 upande huu, futi 4 upande ule, kisha utepe ukavutwa kutoka alama hadi alama kuona kama unasoma futi 5. Nilimwuliza kijana yule, mafundi wale wanafanya nini? Alitazama kwa muda, akajibu, "Wanajenga, mwalimu."

Kosa halikuwa lake. Mimi mwenyewe nilifaulu mitihani yote, mpaka ile ya shahada ya uzamivu huko ng'ambo, pasipo kuulizwa swali la namna hiyo hata mara moja.

Hii si mara ya kwanza somo hili kutazamwa upya. Warusi waliporusha Sputnik mwaka 1957, mataifa ya Magharibi yaliingiwa na hofu ya kuachwa nyuma. Mwaka 1959, katika mkutano wa Royaumont, Ufaransa, mwanahisabati Jean Dieudonné alitaka jometri ya Euclid iondolewe shuleni. Mwaka 1962 wimbi hilo lilikwisha fika Entebbe, Uganda, ambako wataalamu wa Afrika, Marekani na Uingereza walikutana kuandika vitabu vya Hisabati ya Kisasa. Nia ilikuwa njema, yaani mwanafunzi aelewe badala ya kukariri. Lakini walimu wengi hawakuandaliwa, na wazazi hawakuzitambua hesabu za watoto wao. Ikawa mtoto aweza kutaja makutano ya seti mbili, na hali kugawanya kunamshinda. Kenya iliachana na mpango huo mwaka 1981. Kwa maoni yangu tulikosea mara mbili: kwanza kwa kuupokea kama ulivyo, na pili kwa kuutupa pamoja na nia yake.

Njia nyingine ilionyeshwa na Paulus Gerdes, mzaliwa wa Uholanzi aliyefundisha Msumbiji tangu miaka ya 1970 na kufariki mwaka 2014. Yeye alianza kwa kuwatazama wasusi wa vikapu na wajenzi wa nyumba. Baadhi ya wajenzi wa Msumbiji huupata msingi wa mstatili bila kipimapembe. Huchukua kamba mbili zenye urefu sawa na kuzifunga pamoja katikati. Hulaza chini fimbo yenye urefu wa upana wa nyumba, wakapigilia kigingi kila mwisho wa fimbo, kisha kila kamba hufungwa ncha moja kwenye kigingi chake. Kamba zikivutwa mpaka zikakaza, zile ncha mbili zilizobaki huonyesha mahali pa vigingi vingine viwili.

Kwa nini kona zote ziwe na nyuzi 90? Hapo ndipo hisabati yenyewe inapoanzia. Kamba zimekatana katikati, kwa hiyo umbo ni msambamba. Mishazari ya msambamba huo ni sawa, kwa hiyo kona zinazopakana ni sawa; na kwa kuwa jumla ya kona mbili zinazopakana ni nyuzi 180, kila moja haina budi kuwa 90. Uthibitisho huu haupungui ukali hata kidogo kwa kuwa umetoka katika kamba. Tena unazaa maswali: je, kamba zisipolingana? Je, kifundo kikisogezwa kutoka katikati?

Zaidi ya hayo lipo suala la lugha. Katika shule za msingi za serikali nchini Tanzania mtoto hufikiri juu ya pembetatu na sehemu kwa Kiswahili. Aingiapo sekondari huanza upya kwa Kiingereza, na wengi hunyamaza. Mtu hawezi kubisha katika lugha asiyoimudu, na uthibitisho ni namna ya ubishi. Tusistaajabu basi kwamba kwa miaka mingi zaidi ya nusu ya watahiniwa wa Kidato cha Nne wamekuwa wakishindwa somo hili.

Nilimshauri mwanachuo wangu awatoe wanafunzi nje siku iliyofuata, na awaache wazungumze Kiswahili. Kamba tuliomba kwa waashi. Mstatili ulipopatikana, msichana mmoja alikisogeza kifundo kabla hajaambiwa, akakiweka kwenye theluthi ya kila kamba. Mstatili ukageuka trapeza, upande mmoja mrefu maradufu ya ule unaoukabili. Kwa nini maradufu? Kengele ililia wakiwa bado wanabishana.

Mkuu wa somo alinilalamikia kwamba kipindi kizima kilikuwa kimepotea. Mada mbili zilikuwa zimebaki kabla ya mtihani wa muhula, na sikuweza kumwambia kwamba mtihani ule ungeuliza habari za kamba.