Juisi si dawa ya kila mtu

Ukitembea mjini Thika, nyumbani kwa mananasi, au ukishukia Ruiru kwenye kituo cha matatu, hutakosa mtu anayekamua juisi. Wengi huinywa wakiamini ni dawa. Je, ni kweli?

Faida zipo. Nanasi lina vitamini C kwa wingi, na karoti huupa mwili kile unachotumia kutengeneza vitamini A. Mzee asiye na meno hupata kwa kunywa asichoweza kutafuna.

Lakini tazama yanayobaki kwenye chujio. Makapi hayo yana nyuzinyuzi, ambazo hulainisha choo na kuizuia sukari isiingie katika damu kwa kasi. Glasi moja ya juisi ya nanasi, hata bila kuongezwa kitu, ina takriban gramu 25 za sukari, yaani vijiko vidogo sita. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, liliihesabu sukari ya juisi pamoja na ile tunayotia katika chai. Mwenye ugonjwa wa kisukari, basi, afadhali ale kipande cha nanasi. Isipokuwa sukari yake ikishuka ghafla, akaanza kutetemeka na kutokwa jasho: hapo nusu glasi ya juisi humwokoa, kisha ale chakula.

Mwenye blenda nyumbani asiichuje. Na wewe unayenunua kibandani, muulize muuzaji maji na barafu ametoa wapi; homa ya matumbo huweza kupitia humo.