Ziba Ufa Uone!

Wasomaji wenzangu, wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Kumbe kwenye gofu mambo ni kinyume!

Tuseme mpira wako umetua kwenye njia ya saruji. Sheria yakuruhusu uuokote bila adhabu, kisha uudondoshe nyasini karibu na hapo, kutoka kimo cha goti. (Kabla ya 2019 kilikuwa kimo cha bega.) Unatazama, waona pale utakapoudondoshea pana kishimo kilichochimbwa na fimbo ya mwenzako. Ati ukifukie kwanza? Thubutu! Kanuni ya 8.1 yakataza. Utaongezewa mikwaju 2, au ushindwe shimo hilo kama mnachuana ana kwa ana. Hata kukanyaga-kanyaga udongo ili ulale sawa ni hatia. Majani makavu, vijiti na vijiwe ondoa tu. Mchanga na udongo uliolegea, usiguse.

Mbona ukali huu? Naona kwamba kila mtu akijitengenezea uwanja, hatutajua nani stadi. Na mara nyingi refa hayupo. Mchezaji hujishtaki mwenyewe. Kwa hivyo, piga kwanza, kisha fukia kishimo kwa ajili ya wanaokuja nyuma. Huo ndio uungwana.