Kozi Moja Moja Hujaza Kibaba

Mwezi huu hatukwenda mbali kutafuta habari. Tunaleta ya nyumbani kwetu. Sisi ni wakinamama watatu wa hapa Nakivale, na kazi yetu ni mandazi. Wengi mnatufahamu kwa sura, na wengine bado tunaonana kwenye daftari la madeni!

Watu wanatuuliza, "Nyinyi mlienda chuo lini, mbona biashara yenu imesimama?" Ukweli ni kwamba hakuna hata mmoja wetu mwenye diploma. Tulichukua kozi moja moja, kila mtu ya kwake, halafu tukarudi nyumbani tukafundishana. Hilo ndilo tunataka kuwaeleza, maana familia nyingi zinafikiri kusoma ni lazima miaka mitatu na ada kubwa, na kama huwezi hiyo basi ukae.

Tulivyoanza na tulivyoanguka

Mnakumbuka mwaka 2023, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) lilipoanza kugawa familia za wakimbizi wa Uganda katika makundi kulingana na hali yao. Wengine walipunguziwa, wengine wakatolewa kabisa kwenye orodha. Mwaka 2025 ikapunguzwa tena. Kila nyumba iliumwa kichwa. Sisi tukasema, Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya biashara kwa kufuata sheria za nchi, kwa nini tukae mikono mitupu? Tukachanga shilingi 150,000, tukaziweka kwenye sanduku, mwenzetu mmoja akapewa ufunguo.

Mandazi yalikuwa yanaisha kila siku. Siku sita kwa wiki tulitoa mandazi 100 kwa shilingi 200 kila moja, ikawa 20,000. Vitu tulivyonunua dukani vilifika 16,500. Basi tukaona faida ni 3,500, na kila jioni tukagawana 1,000 kila mtu. Tulifurahi sana.

Baada ya wiki sita tukafungua sanduku. Ndani mlikuwa na shilingi 6,000 tu!

Ndugu zetu, hapo ndipo shetani aliingia. Wawili tulimwangalia aliyeshika ufunguo. Hatukusema "mwizi", lakini tuliuliza maswali ambayo mtu akiyasikia anaelewa. Mume wake akaja kuuliza kuna nini. Watoto wetu waliokuwa wanacheza pamoja wakaanza kukatazana. Mwenzetu alilia, halafu akasema, "Mimi nitakwenda kusoma hesabu, nijue hizo pesa zilikwenda wapi."

Kozi ya kwanza: daftari

Alijiandikisha somo moja tu, utunzaji wa hesabu za biashara ndogo, mara mbili kwa wiki jioni. Tunadhani alikwenda kwa hasira zaidi kuliko kwa kupenda shule. Wiki ya kwanza mwalimu aliwaambia waandike kila shilingi inayotoka, hata ya kiberiti. Akarudi akatukalisha chini, tukahesabu siku moja ya kazi:

Unga kilo 2: 10,000
Sukari nusu kilo: 2,000
Mafuta nusu lita: 4,000
Hamira: 500
Makaa: 3,000
Nauli ya bodaboda kwenda dukani: 1,000
Maji na karatasi za kufungia: 500
Jumla: 21,000

Kumbe! Makaa, nauli, maji na karatasi vilikuwa vinatoka kwenye sanduku, lakini hatukuvihesabu kwa sababu vilikuwa vidogo vidogo. Kila siku tulikuwa tunapata hasara ya 1,000, na juu yake tunagawana 3,000 ya "faida" ambayo haipo. Hiyo ni 4,000 kwa siku. Kwa siku 36 ni 144,000. Toa kwenye 150,000, zinabaki 6,000. Hesabu ilikuja kamili, hata shilingi moja haikupotea.

Hakuna aliyeiba. Tulikula mtaji wetu wenyewe tukidhani tunakula faida. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sisi methali hiyo tuliijua tangu utoto. Kuijua na kuiandika ni vitu viwili.

Tulimwomba msamaha mbele ya mume wake na watoto. Na leo tunamwomba tena hapa, kila mtu asome.

Kozi ya pili: masoko

Tulikopa 60,000 kwenye kikundi cha kuweka na kukopa, tukaanza upya kwa uangalifu. Mwenzetu wa pili akasema yeye atasoma masoko. Tulimcheka kidogo. Tulifikiri somo la masoko ni kupiga kelele na kubandika matangazo. Si tunasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza?

Mwalimu wake hakukubaliana na hiyo. Alisema pale ambapo watu kumi na wawili wanauza mandazi ya namna moja, hata kizuri lazima kijue kukaa wapi na saa ngapi. Akawafundisha mambo manne ambayo Mmarekani E. Jerome McCarthy aliyaweka kwenye kitabu chake mwaka 1960, na mpaka leo vyuo vinayafundisha: bidhaa yenyewe, bei, mahali pa kuuzia, na namna ya kuitangaza. Ukiharibu moja, zile tatu nazo zinalegea.

Kazi ya nyumbani ilikuwa kuuliza wateja 30. Siyo kuwauzia, kuwauliza tu. Wateja 19 walijibu kitu kimoja: wanataka mandazi kabla ya saa moja asubuhi. Na sisi tulikuwa tunamaliza kukaanga saa tatu! Tulikuwa tunauza kwa watu waliokwisha kunywa chai. Tukaanza kuamka saa kumi usiku, tukahamia karibu na steji ya bodaboda. Bei hatukuigusa. Badala ya karai moja, sasa tunauza mawili, ni mandazi 200 kwa siku.

Kozi ya tatu: simu, na aibu kidogo

Mwenzetu wa tatu aliumia kabla hajafaulu. Mtu mmoja alipita akisema anaandikisha watu kwenye "chuo", wiki mbili tu, cheti chenye muhuri. Aliuza vitenge vyake viwili akalipa 80,000. Cheti alipata, lakini kila alipokipeleka waliuliza, "Hiki chuo kiko wapi?" Hatutaji jina la mtu. Tunasema tu mfungue macho. Hapa Uganda liko Baraza la Taifa la Elimu ya Juu (NCHE), na vyuo vikuu vinavyotambuliwa vinajulikana huko. Kama ni mafunzo ya ufundi au semina fupi, uliza cheti kinatolewa na nani na kinakubalika wapi. Kuuliza si kukosa heshima.

Baada ya hapo alisoma bure kwenye simu. Chuo kikuu cha Uingereza kinachoitwa Open University kilianzisha OpenLearn mwaka 2006, chenye kozi za bure. Saylor Academy ya Marekani nayo ina masomo ya biashara, mahesabu na masoko, moja moja, bila ada. Hizo siyo digrii, msije mkadanganyana. Lakini maarifa ni yale yale. Ugumu ni Kiingereza na bando. Mama huyu alisoma Congo kwa Kifaransa, basi binti yake wa sekondari alikuwa anamsomea jioni, wanatafsiri pamoja. Kozi moja ilichukua miezi mitatu. Sasa binti naye anajua gharama ni nini!

Yeye ndiye aliyetuletea mawazo ya kununua kwa jumla mara moja kwa wiki, kutumia jiko linalobana makaa, na kuweka mpaka wa deni. Mteja hapiti 1,000, na halipi la leo kabla ya la jana. Gharama ya karai moja ilishuka kutoka 21,000 hadi 17,500. Kwa hiyo karai moja linaacha 2,500, mawili 5,000. Katika hizo, 2,000 zinaingia sandukuni na kila mmoja anachukua 1,000.

Mtasema, "Mama, 1,000 ndiyo ile ile ya zamani!" Ndiyo, ni ile ile. Tofauti ni kwamba hii ni faida ya kweli, mkopo tumeshalipa, na sanduku linapanda badala ya kushuka. Si utajiri. Ni daftari za watoto, chumvi na sabuni, bila kuogopa kesho.

Kabla hujalipa ada

Kwa familia inayotaka mmoja asome, haya ndiyo tuliyojifunza:

1. Anza na shida yako, siyo jina la kozi. Kama pesa zinapotea, soma hesabu. Kama mali inalala, soma masoko.

2. Uliza kama unaweza kuchukua somo moja peke yake. Hata mafunzo ya biashara ya Shirika la Kazi Duniani (ILO), yale ya kuanza na kuboresha biashara, yamegawanywa sehemu: masoko, gharama, kumbukumbu, ununuzi, kupanga.

3. Uliza nani anatambua cheti. Usilipe bila risiti.

4. Kaeni kama familia mpange nani atapika na nani atachota maji saa za masomo. Wakinababa, hapa tunawategemea ninyi.

5. Ukijifunza leo, mfundishe mwenzako kesho. Sisi tulilipia kozi chache, lakini wote watatu tunazijua zote.

Sanduku letu sasa lina kufuli tatu, kila mtu na ufunguo wake. Aliyeomba tuweke hivyo ni yule yule tuliyemshuku, na ndiye anayeandika daftari mpaka leo. Mtu akitaka kuliona, aje steji asubuhi, tutamwonyesha. Ila aje kabla ya saa moja, baadaye mandazi yanakuwa yameisha.