Kijitabu cha Dola Mbili: Muuzaji Hubakiwa na Ngapi?

Mfano wa nyumba moja utalieleza jambo hili vizuri zaidi kuliko maelezo marefu. Ichukuliwe kwamba mama ni mwalimu katika mji wa Muyinga, karibu na mpaka wa Kobero, na mumewe ni askari wa polisi aliyehamishiwa Gitega, makao makuu ya kisiasa ya Burundi tangu mwaka 2019. Mshahara mmoja unalisha nyumba mbili. Jioni, watoto wakisha kulala, mama ameandika kwa kompyuta ya kuazima vijitabu vinne vya kujifunzia Kiswahili, kila kimoja kurasa ishirini, vyenye michoro na mazoezi. Ameambiwa ya kuwa siku hizi kijitabu kama hicho chaweza kuuzwa kwa mtandao wa intaneti bila karatasi, bila wino na bila gari la kukisafirisha. Mnunuzi hulipa, faili humfikia katika simu yake, basi.

Mama huyo ameamua kila kijitabu kiuzwe dola 2, ili hata mnyonge amudu kukinunua. Baba watoto, alipoelezwa habari hizo kwa simu, aliuliza swali moja tu: "Katika hizo dola mbili, mama watoto, sisi tunabakiwa na ngapi?"

Swali hilo ndilo ambalo wauzaji wengi hawaliulizi mapema. Majukwaa ya kuuzia bidhaa za aina hii ni mengi, na karibu yote hujitangaza kwa kutaja asilimia. Hili hukata asilimia 5, lile 10, jingine 30. Msomaji wa tangazo hulinganisha asilimia hizo na kuichagua iliyo ndogo, akidhani kazi imekwisha. Kumbe nyuma ya asilimia huwa pamesimama kitu kingine, nacho ni senti za kudumu zinazokatwa kwa kila mauzo, bidhaa iwe ghali au rahisi.

Atakaye kulielewa jambo hili atazame soko lolote la vilimani. Mtu akifika na gunia la maharage, na mwenziwe akifika na kikapu kidogo, kisha mlangoni kila mmoja akatozwa ushuru ule ule, ni nani aliyeumia? Mwenye gunia hata hakuusikia ushuru huo. Mwenye kikapu ameacha mlangoni sehemu kubwa ya faida yake kabla hajapata hata mnunuzi mmoja.

Sasa na ihesabiwe. Jukwaa la Gumroad, lililoanzishwa Marekani mwaka 2011, lilitangaza kwamba tangu mwezi Januari 2025 hukata asilimia 10 pamoja na senti 50 kwa kila mauzo yanayotokana na kiungo cha muuzaji mwenyewe. Katika kijitabu cha dola 2, asilimia 10 ni senti 20. Zikiongezwa zile senti 50, kato la jukwaa peke yake limekuwa senti 70, na zimebaki dola 1 na senti 30 kabla ya ada ya mpitishaji wa fedha za kadi. Tangazo linasema asilimia 10, lakini kwa mama wa Muyinga kato hilo ni asilimia 35 kamili. Angalikuwa anauza kitu cha dola 20, kato la jukwaa lingalikuwa dola 2 na senti 50, yaani asilimia 12 na nusu tu. Jukwaa ni moja na sheria ni moja, ila mwenye kikapu ndiye aliyelipa zaidi. Tena ikiwa mnunuzi hakuletwa na muuzaji, bali amekigundua kijitabu kwa kutembeatembea katika soko la Gumroad lenyewe, kato hupanda hadi asilimia 30.

Payhip, la Uingereza, lina mpango usio na malipo ya mwezi ambao hukata asilimia 5. Hapo mtu asifurahi upesi. Asilimia hizo ni za jukwaa peke yake. Mpitishaji wa fedha za kadi naye hudai haki yake, na kiwango cha kawaida nchini Marekani ni asilimia 2.9 pamoja na senti 30. Kwa kijitabu cha dola 2, jukwaa litachukua senti 10 na mpitishaji karibu senti 36. Muuzaji atabakiwa na dola 1 na senti 54. Ni afadhali kuliko hesabu ya kwanza, lakini ile asilimia 5 ya tangazo imekwisha kuwa karibu 23.

Jukwaa hilo hilo lina mpango wa kulipia dola 29 kila mwezi, ambao hushusha kato lake kutoka asilimia 5 hadi 2. Wapo wanaovutwa na mpango kama huo kwa sababu wanaona wataonekana wafanyabiashara wa kweli. Hesabu yake ni nyepesi. Kinachookolewa ni asilimia 3 ya mauzo. Ili asilimia 3 ifikie dola 29, sharti mauzo ya mwezi yafikie karibu dola 967. Kwa vijitabu vya dola 2 ni zaidi ya vijitabu 480 kila mwezi. Asiyefikia idadi hiyo anamlipa mwenye jukwaa kwa ajili ya kuitwa mkubwa.

Etsy, soko lililoanzishwa New York mwaka 2005 kwa ajili ya kazi za mikono, nalo huuza mafaili: mitindo ya kushona, kalenda, kadi za arusi. Makato yake ni ya vipande vipande. Kuna senti 20 za kuweka bidhaa, ambazo hutozwa tena kila bidhaa inapouzwa na kurudishwa katika orodha. Kuna asilimia 6.5 ya mauzo. Halafu kuna ada ya malipo, ambayo kwa muuzaji wa Marekani ni asilimia 3 na senti 25. Dola 2 zikipita humo hutoka zikiwa dola 1 na senti 36. Yafaa ikumbukwe pia kwamba ada hizo hazikai mahali pamoja. Kato la mauzo la Etsy lilikuwa asilimia 3.5 hadi mwaka 2018, likapandishwa kuwa 5, na mwezi Aprili 2022 likawa 6.5. Safari hiyo ya mwisho maelfu ya wauzaji waliyafunga maduka yao kwa juma zima kulalamika. Ada haikushuka.

Kwa mwandishi wa vitabu, jina linalotajwa mara nyingi ni Amazon, ambayo tangu mwaka 2007 humwezesha mtu kujichapishia kitabu cha kusomwa katika kifaa chake cha Kindle. Hapa hesabu imegeuzwa. Hutajwa fungu la mwandishi badala ya kato. Kitabu chenye bei kati ya dola 2.99 na 9.99 chaweza kumpa mwandishi asilimia 70 katika nchi zilizoorodheshwa. Kilicho chini au juu ya bei hizo humpa asilimia 35. Basi kijitabu cha dola 2 humpa senti 70 tu, na Amazon hubaki na dola 1 na senti 30. Hata angepandisha bei hadi dola 5 ili apate ile asilimia 70, bado ipo ada ya kupeleka faili, ambayo katika duka la Marekani ni senti 15 kwa kila megabaiti. Kijitabu cha maneno matupu hakitaiona ada hiyo. Chenye michoro, kikifikia megabaiti 10, hupunguziwa dola 1 na nusu kabla ya kugawanywa, na fungu la mwandishi huwa dola 2 na senti 45 badala ya dola 3 na nusu. Michoro ile aliyoikesha mama wa Muyinga imegeuka mzigo unaopimwa kwenye mizani.

Na kuna kodi. Marekani huzuia asilimia 30 ya mapato ya namna hiyo yanayotokana na mauzo ya nchini mwake, ikiwa mwandishi anaishi katika nchi isiyo na mkataba wa kodi nayo. Burundi haina mkataba huo. Zile dola 2 na senti 45 zitapungua kuwa karibu dola 1 na senti 72. Malipo yenyewe hutolewa takriban siku 60 baada ya kumalizika mwezi wa mauzo. Kilichouzwa Januari kingojewe mwishoni mwa Machi.

Hadi hapa hesabu zote zimekomea ng'ambo. Fedha bado haijavuka.

Huku ndiko kwenye taabu kubwa kuliko asilimia zote zilizokwisha kutajwa. Kampuni ya Stripe, ambayo majukwaa mengi huitegemea kupitisha fedha, haifungui akaunti kwa mfanyabiashara mkazi wa Burundi. Burundi haimo pia katika orodha ya nchi ambazo Etsy huwalipa wauzaji wake. Kwa PayPal, sharti mtu ahakikishe mapema, kabla hajauza hata kijitabu kimoja, kama akaunti inayofunguliwa kwa nchi yake inaruhusiwa kupokea fedha za mauzo na kuzitoa, au inaruhusiwa kulipa tu. Hayo ni mambo mawili tofauti, na tofauti hiyo huandikwa kwa herufi ndogo. Ambaye atalipwa kwa hawala ya benki naye ajue kwamba benki ya njiani hukata, na benki inayopokea hukata. Ni busara fedha zirundikane kwanza, kwa maana hawala ya dola 20 yaweza kufika ikiwa mifupa mitupu. Kisha dola hubadilishwa kuwa faranga kwa kiwango cha siku hiyo. Waliokuwa na fedha njiani mwezi Mei 2023, Benki ya Jamhuri ya Burundi iliposhusha thamani ya faranga, wanakumbuka jinsi hesabu ya jana ilivyoweza kugeuka kwa usiku mmoja.

Kwa sababu ya kizuizi hicho, wengine hushawishika kujiandikisha kwa uongo kwamba wanaishi Nairobi au Brussels. Shauri hilo ni baya. Jukwaa huomba kitambulisho wakati wowote, na mara nyingi huomba pale fedha inapotaka kutolewa. Jina na nchi visipolingana, akaunti hufungwa fedha ikiwa ndani, na hakuna mahali pa kwenda kushtaki. Ni tofauti kabisa ikiwa ndugu wa kweli anayeishi katika nchi iliyoruhusiwa atauza kwa jina lake halali, akalipa kodi ya huko, na wawili hao wakaandikiana barua ya makubaliano: fungu la kila mmoja ni lipi, na hutumwa lini. Kuandikiana baina ya ndugu huonekana ni kutoaminiana. Ugomvi wa baadaye huonekana vibaya zaidi.

Wapo pia matapeli wanaojiita majukwaa. Dalili yao ni kudai ada ya kuandikishwa kwanza, kwa simu, ndipo mtu aahidiwe wateja. Katika majukwaa yaliyotajwa hapa hakuna linalomtaka mtu anunue haki ya kufungua akaunti kwa kumtumia wakala fedha. Na kwa familia za askari, inafaa kusemwa waziwazi: picha za kambi, za sare kazini au za zana hazimo katika bidhaa za kuuzwa, hata kama ni picha nzuri, na mtumishi mwenyewe aulize kwanza kanuni za kazi yake zinaruhusu biashara gani.

Ile nyumba ya Muyinga na Gitega ifanyeje, basi? Hatua ya kwanza ni kuviunganisha vile vijitabu vinne viwe kitabu kimoja cha dola 8. Vikiuzwa kimoja kimoja kwa Gumroad, vinne vyaleta dola 5 na senti 20 baada ya kato la jukwaa, kabla ya ada ya kadi. Kikiuzwa kimoja cha dola 8, kato la jukwaa ni dola 1 na senti 30, na hubaki dola 6 na senti 70. Mnunuzi amelipa zile zile dola 8. Dola 1 na nusu imeokolewa kwa sababu tu mlango umepitwa mara moja badala ya mara nne. Kwa Payhip tofauti ni kama senti 90.

Hatua ya pili ni kutazama karibu. Wanaotaka kujifunza Kiswahili hawako ng'ambo tu. Wako Karuzi, njiani baina ya miji hiyo miwili. Wako Ngozi na Bujumbura. Ni wanafunzi, ni wafanyabiashara wavukao Kobero kwenda Tanzania. Hao wanaweza kulipa faranga kwa Lumicash au EcoCash na kupokea faili kwa WhatsApp. Hakuna jukwaa la kukata fungu la kumi, hakuna dola ya kubadilisha. Ada ya simu ipo, nayo hupangwa kwa madaraja ya kiasi kinachotumwa au kutolewa, hivyo fedha ndogo ndogo huumia hapo pia. Ni vyema kiasi kidogo kisitolewe kila siku, bali kingoje kifike daraja lenye nafuu katika ubao wa wakala. Mapatano yaseme wazi ni nani alipaye ada ya kutuma, maana mnunuzi huikumbuka ada hiyo baada ya kulipa pungufu.

Kazi ambayo jukwaa lingaliifanya humrudia mama mwenyewe. Ni yeye atakayehakikisha ujumbe wa malipo ni wa kweli kwa kutazama salio lake, wala si kwa kusoma ujumbe alioonyeshwa na mnunuzi. Ni yeye atakayejibu simu ya saa nne usiku ya mtu ambaye faili limegoma kufunguka. Na kwa kuwa faili likisha ingia katika kundi la WhatsApp halirudi, anaweza kuandika chini ya kila ukurasa jina la mnunuzi na tarehe aliyonunua kabla ya kulituma. Ni kazi ya dakika chache kwa kila nakala, na baba watoto aliye Gitega anaweza kuifanya katika simu yake akiwa hana zamu.