Majagina wa Pembeni katika Masimulizi ya Maji Maji ya Rufiji

Katika kitabu cha Thomas Malory, Le Morte Darthur, kilichochapishwa na William Caxton mwaka 1485, mna sehemu ambayo wasomaji wengi huipita haraka. Mtu aitwaye Urry ana majeraha yasiyopona mpaka yaguswe na shujaa aliye bora kuliko wote duniani. Mashujaa wapanda farasi 110 wa Mfalme Arthur wanajaribu, nao wanashindwa. Wengi wao hatuwajui ila kwa majina. Hatimaye Lancelot anamgusa, naye anapona. Orodha ile ndefu ina kazi moja tu: kumkuza mtu wa mwisho.

Makala haya yanadai kuwa masimulizi ya Vita vya Maji Maji (1905–1907), kama yanavyofundishwa, yamefuata mkondo huo huo, na kwamba nafasi ya Lancelot amepewa Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, Rufiji. Tofauti ni kuwa Malory aliwapa wengine angalau majina.

Tuanze na tarehe, kwani ndizo zinazotatiza. Kinjikitile alipagawa na pepo Hongo mwaka 1904. Masimulizi yanasema alizama majini na kuibuka siku ya pili nguo zake zikiwa kavu. Wajerumani walimnyonga Mohoro, kusini mwa delta, tarehe 4 Agosti 1905. Uasi ulikuwa umeanza Julai mwaka huo huo. Kwa hiyo, katika vita vilivyoendelea hadi 1907, yeye aliishi majuma machache tu. Ni nani basi waliovianza na kuviendesha?

Kuhusu mwanzo, jibu lipo. Kumbukumbu za wazee zilizohaririwa na G.C.K. Gwassa na John Iliffe mwaka 1968 zinaeleza kuwa Kinjikitile aliwataka watu wasubiri amri yake. Wamatumbi walichoka kungoja. Huko Nandete watu wawili, Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela, waliingia katika shamba la pamba na kung'oa miche michache. Kilimo hicho cha kulazimishwa kilikuwa kimeanzishwa mwaka 1902 chini ya Gavana von Götzen, na kung'oa pamba kulikuwa ni kutangaza vita. Katika tendi, pigo la kwanza huwa ni haki ya jagina mkuu. Hapa limepigwa na watu wawili wasiopagawa na pepo yeyote, tena kinyume cha agizo la mkuu. Hata hivyo mwanafunzi akiulizwa nani aliyeanzisha Maji Maji, hatasita kumtaja Kinjikitile. Kuandaa na kuanza yamechanganywa.

Wa pili ni ndugu yake Kinjikitile, aliyeendelea kugawa maji baada ya Mohoro akitumia cheo cha Nyamguni. Hapa ukungu ni mzito zaidi, kwa kuwa cheo kimelimeza jina. Jambo kama hilo limelipata jina la Bokero: mahali pengine ni mzimu wa Mto Rufiji, mahali pengine ni lakabu ya Kinjikitile mwenyewe. Mtafiti asipokuwa mwangalifu, mzimu, mganga na mrithi wake hugeuka mtu mmoja. Nao mahongo, yaani wajumbe waliopeleka dawa toka nchi hadi nchi, wametajwa kwa jina la pepo aliyewatuma, si kwa majina waliyopewa na wazazi wao. Habari yenyewe ilienea kwa njwiywila, yaani mnong'ono wa siri wa sikio hadi sikio. Na mnong'ono, kwa tabia yake, humficha msemaji.

Je, kosa hili ni la fasihi? Si lote. Utawala wa Kijerumani ulihitaji mkosaji wa kunyongwa, na taifa jipya lilihitaji alama moja ya umoja. Fasihi ilikuja baadaye. Ebrahim Hussein, katika Kinjeketile (1969), alitahadharisha kuwa mhusika wake si yule wa historia, akampa Kitunda uongozi wa jeshi na mashaka mazito. Kwa maoni yangu Kitunda ndiye mhusika anayestahili kuchunguzwa zaidi kuliko ilivyofanywa, kwani kwake tunaona vita vikiwa kazi ya watu, si ya neno. Lakini jalada la kitabu lina jina moja, na mtihani huuliza jina hilo.

Upo ugumu wa mbinu pia. Mtafiti anayefika leo Ngarambe, au katika vijiji vya Wandengereko wa Kibiti, wilaya iliyomegwa kutoka Rufiji katika miaka ya 2010, huelekea kuuliza, "Mnajua nini juu ya Kinjikitile?" Msimulizi muungwana hujibu alichoulizwa, na mara nyingi hurudisha yaliyomo katika vitabu vya shule. Swali lenye faida zaidi lingekuwa: nani aliyeleta maji katika kijiji hiki, alitokea wapi, alilala nyumba ya nani, na wajukuu zake wako wapi?