Istilahi za Ufunguaji wa Kifuko cha Lenzi ya Jicho

Miongoni mwa istilahi zinazomtatiza mfasiri wa maandishi ya uganga wa macho ni zile zihusuzo ufunguaji wa kifuko cha lenzi. Katika makala haya tunakusudia kueleza kwanza jambo lenyewe, kisha tupendekeze maneno yafaayo. Kwani si rahisi kukipa jina sahihi kitu tusichokijua.

Lenzi ya jicho imo ndani ya kifuko chembamba sana, ambacho unene wake upande wa mbele haufiki mikromita 20. Lenzi ikiingia ukungu, ndipo tunaposema kwamba mtu ana mtoto wa jicho. Mpasuaji huiondoa lenzi hiyo na kukiacha kifuko mahali pake ili kipokee lenzi ya bandia. Kwa hiyo hana budi kufungua tundu la duara upande wa mbele, lenye kipenyo cha milimita 5 hivi. Tangu miaka ya 1980, kutokana na kazi ya Howard Gimbel na Thomas Neuhann, tundu hilo huchanwa taratibu kwa mzunguko mmoja, kwa sindano au kwa koleo ndogo. Ukingo wake ukiwa laini, bila pembe, hauchaniki ovyo.

Yapo macho yasiyokubali kazi hiyo kwa wepesi. Lenzi iliyokwisha kuwa nyeupe kabisa na kuvimba huwa na shinikizo ndani yake. Kifuko kikiguswa tu, huweza kuchanika hadi pembeni. Aidha, nyuzi zinazokishikilia kifuko zikiwa dhaifu, kila mvuto wa mkono huzidisha hatari. Kwa ajili hiyo mpasuaji hukitia kifuko rangi ya buluu apate kukiona, na pengine hutumia mashine.

Mashine hizo ni za namna mbili kuu. Ya kwanza ni leza ya mapigo mafupi mno, ambayo Zoltán Nagy alianza kuitumia kwa wagonjwa mjini Budapest mwaka 2008. Hukata kabla jicho halijafunguliwa, lakini huhitaji konea angavu na mboni iliyopanuka. Ya pili, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017, ni pete ndogo ya madini ya nikeli na titani ndani ya kikombe laini kinachonyonya. Huingizwa jichoni, ikapitishiwa pigo la umeme la milisekunde 4, na duara lote likakatwa kwa mara moja.

Sasa tuyatazame maneno. Neno *kapsuli* limekwisha kuzoeleka kwa dawa ya kumeza. Mgonjwa akiambiwa kwamba kapsuli yake itafunguliwa, huenda asielewe. Tunapendekeza *kifuko cha lenzi*.

Kitenzi *kupasua* ndicho chenye hatari zaidi. Kupasuka kwa kifuko, hasa upande wa nyuma, ni ajali inayojulikana katika upasuaji huu. Taarifa ikisema "kifuko kimepasuliwa", na nyingine "kifuko kimepasuka", herufi chache tu zinatenganisha kazi iliyokusudiwa na madhara yasiyokusudiwa. Muuguzi anayesoma kwa haraka aweza kumtunza mgonjwa isivyopasa. Kwa hiyo tunapendekeza *mpasuko* litumike kwa ajali peke yake. Kazi ya mkono iitwe *mchano wa duara*, kwa kuwa huchanwa. Na kazi ya mashine iitwe *mkato wa duara*, uwe *mkato wa leza* au *mkato wa pigo la umeme*. Jina la jumla liwe *ufunguaji wa kifuko*.

Mwisho, wako wanaofasiri kwamba mashine hizi "hujiendesha". Usemi huo humfanya mgonjwa adhani kwamba hakuna mtu anayesimamia jicho lake. Kwa kweli mpasuaji ndiye achaguaye mahali, akaiweka mashine, na akamaliza kazi yote iliyobaki. Tena, tafiti kubwa zilizotolewa Ufaransa na Uingereza mwaka 2020 hazikuonyesha kwamba leza humpa mgonjwa wa kawaida uoni bora kuliko mkono wa mpasuaji. Basi tuseme *kwa msaada wa mashine*, wala tusiahidi kwa neno kile ambacho chombo hakikuahidi.

Tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa afya wayapime mapendekezo haya katika kazi zao, na watuletee maoni yao.